Kukusanya Sarafu za Roma ya Kale: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Msomaji wa Kiswahili huifahamu sarafu ya Kirumi kabla hata hajaiona. Dinari inayotajwa katika Injili, ile waliyolipwa vibarua wa shamba la mizabibu kwa kazi ya kutwa na ile iliyobeba sura ya Kaisari, ni denarius ya Warumi, kipande cha fedha chenye upana wa milimita 18 hivi na uzito usiofika gramu 4. Sarafu za dola hiyo ziligongwa kwa mamilioni kwa muda wa karne nyingi, zikafichwa ardhini na wenyewe nyakati za vita na misukosuko, na wengi wao hawakurudi kuzifukua. Ndiyo sababu zimebaki nyingi kiasi kwamba kipande halisi cha bronzi cha enzi za mtawala Constantine, wa karne ya 4, hupatikana leo kwa dola 10 hadi 30 za Marekani, na dinari ya fedha ya Trajan au Hadrian, watawala wa karne ya 2, iliyochakaa kiasi hupatikana kwa dola 80 hadi 200.

Unafuu huo ndio unaowaponza wanaoanza. Mtu huona picha, huvutiwa na sura ya mtawala, hulipa, kisha ndipo huuliza amenunua nini. Mimi nilianza hivyo hivyo, na baadhi ya makosa yangu nitayataja mbele. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume, yaani kusoma kwanza na kununua baadaye, kwa sababu maandishi ya sarafu ya Kirumi ni hati fupi inayomtaja mtawala, vyeo vyake, na mara nyingi mwaka au mji ilikogongwa. Anayeweza kuisoma hati hiyo mwenyewe ni vigumu kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya kwanza: Zifahamu sarafu kwa majina na madini yake

Dinari ilianza kugongwa karibu mwaka 211 KK, Roma ilipokuwa vitani na Hannibal wa Karthago, ikadumu kuwa sarafu kuu ya fedha kwa zaidi ya karne 4. Juu yake kulikuwa na aureus ya dhahabu, iliyokuwa na thamani ya dinari 25. Chini yake kulikuwa na sestertius, sarafu kubwa ya shaba ya njano yenye uzito wa gramu 25 hivi, ambayo nne zake zilikamilisha dinari moja. Sestertius nayo ilivunjwa kwa dupondius mbili au as nne. Dupondius na as hulingana kwa ukubwa, na baada ya kukaa ardhini hata rangi zake hufanana, kwa hiyo tangu enzi za Nero njia ya kawaida ya kuzitofautisha ni kutazama kichwa: mtawala aliyevaa taji lenye miale ya jua yuko kwenye dupondius, na aliyevaa shada la majani au asiyevaa kitu yuko kwenye as.

Katika lugha yetu fedha ni madini na fedha ni pesa, na Mrumi angetuelewa, maana hata kwao argentum ilibeba maana zote mbili. Historia ya dinari, basi, ni historia ya fedha kupungua ndani ya fedha. Chini ya Augustus, mtawala wa kwanza, ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Mwaka 64 BK Nero akaitaka ratili ileile itoe 96, na madini yenyewe akayachanganya shaba zaidi. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuwa na jeshi kubwa la kulipa, akaifikisha dinari mahali ambapo karibu nusu yake haikuwa fedha tena. Mwanawe Caracalla akaanzisha mwaka 215 BK sarafu nyingine, ambayo leo huitwa antoninianus na ambayo hutambulika kwa mtawala kuvaa taji la miale. Kufikia mwisho wa utawala wa Gallienus, mwaka 268 BK, antoninianus haikuwa na hata asilimia 5 ya fedha. Ilikuwa kipande cha bronzi kilichopakwa weupe juu, na weupe wenyewe ulibanduka mapema.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja sokoni. Antoninianus ya Gallienus yenye rangi ya kahawia ni ya kawaida kabisa na haina la kutiliwa shaka. Dinari ya Nero inayoonyesha shaba nyekundu mahali ilipokwaruzwa ni habari nyingine: ama ni bandia ya leo, ama ni bandia ya zamani zile zile, yaani moyo wa shaba uliofunikwa karatasi ya fedha na walaghai wa wakati huo. Bandia hizo za kale zina wakusanyaji wake, lakini hazipaswi kuuzwa kwa bei ya dinari safi.

Kuanzia karibu mwaka 294 BK, mtawala Diocletian alileta sarafu ya bronzi ya gramu 10 hivi, ambayo wauzaji wengi huiita follis, nayo ikaendelea kunywea mpaka chini ya wana wa Constantine ikawa haifiki gramu 2. Constantine kwa upande wake aliacha solidus ya dhahabu, 72 kwa ratili, gramu 4.5 kila moja, ambayo ilidumu uzito wake kwa karne nyingi baada yake. Dhahabu hatutaigusa tena katika mwongozo huu, ila kwa kisa kimoja. Anayeanza haihitaji, na bei yake huvuta walaghai stadi kuliko wote.

Hatua ya pili: Jifunze kusoma kabla ya kulipa

Hakuna haja ya kujua Kilatini. Maneno yanayojirudia ni kama thelathini, na siku chache za mazoezi zinatosha kuyazoea. Maandishi kwa kawaida huanza chini kushoto na kuzunguka upande wa mwendo wa saa. Herufi V husimama mahali pa U, kwa hiyo AVG ni Augustus, na nafasi kati ya maneno hazizingatiwi sana na wachongaji.

Tuichukue dinari moja ya Trajan, aina ambayo msomaji ataiona mara nyingi kwa wauzaji. Upande wa kichwa unasema IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. IMP ni imperator, amiri jeshi, neno ambalo kufikia wakati huo lilikwisha kuwa cheo cha mtawala. TRAIANO ni jina lake, na ile O ya mwisho huonyesha kwamba sarafu imetolewa kwa heshima yake, yaani «kwa Trajan». AVG ni cheo cha Augustus. GER ni Germanicus, mshindi wa Wajerumani, na DAC ni Dacicus, mshindi wa Dacia, nchi ambayo leo iko Romania. P M ni pontifex maximus, kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya utetezi wa raia, ambayo watawala walipewa upya kila mwaka.

Geuza. Upande wa nyuma unaendelea: COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC. COS V inamaanisha amekuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, mara ya 5, na hapa ndipo tarehe ilipojificha. Trajan alipata ukonsuli wa 5 mwaka 103 BK na wa 6 mwaka 112 BK, kwa hiyo sarafu yenye COS V imegongwa kati ya miaka 103 na 111 BK, bila kubahatisha. P P ni baba wa taifa. S P Q R ni baraza la seneti na watu wa Roma, na OPTIMO PRINC ni «kwa kiongozi aliye bora». Sentensi nzima, iliyozungushwa pande mbili za kipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, ni seneti na watu wa Roma wakimtukuza Trajan.

Bronzi ndogo za karne ya 4 zina utaratibu mwingine. Chukua ile iliyoandikwa CONSTANTINVS IVN NOB C: huyu si Constantine mwenyewe bali ni mwanawe mwenye jina hilo, maana IVN ni «mdogo» na NOB C ni cheo cha mrithi. Nyuma yake kuna wanajeshi wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, fahari ya jeshi. Hesabu bendera za kijeshi zilizosimama kati yao. Zikiwa mbili, sarafu ni ya miaka ya 330 hadi 335 BK. Ikiwa moja, ni ya miaka iliyofuata. Kisha tazama chini ya mstari wanaposimama wanajeshi, mahali penye herufi ndogo ambazo wengi huzipuuza, kwa maana hapo ndipo mji unapotajwa. SMK ni Cyzicus, SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria, TR ni Trier huko Ujerumani ya leo, na herufi inayofuata au kutangulia huonyesha karakana ndani ya kiwanda cha sarafu cha mji huo. Mtego mmoja unafaa kutajwa: CONS ni Constantinople, lakini PCONST ni Arles kusini mwa Ufaransa, mji ambao ulibadilishwa jina kwa heshima ya familia ya Constantine. Wauzaji wasio makini huzichanganya kila siku, na mnunuzi anayejua tofauti hupata mara nyingine kipande adimu kwa bei ya kawaida.

Ukishapata maneno mawili matatu, fungua hifadhidata ya OCRE ya American Numismatic Society, ambayo hupatikana bure kwenye intaneti na ina aina zaidi ya 40,000 za sarafu za kipindi cha watawala. Mfumo wake unafuata namba za RIC (Roman Imperial Coinage), orodha ya juzuu 10 iliyoanza kuchapishwa London mwaka 1923, na namba hizo ndizo zinazotumiwa na wauzaji wengi. Fanya mazoezi huko kwa mwezi mzima bila kununua kitu. Chukua picha kwenye minada iliyopita, funika maelezo, soma mwenyewe, kisha linganisha.

Neno moja kuhusu saa. Orodha hutaja pia mkao wa mihuri miwili iliyogonga pande za sarafu kwa kutumia uso wa saa: shika sarafu kichwa kikiwa wima, igeuze kama unayegeuza mlango kwenye bawaba, kisha tazama kilele cha picha ya nyuma kinaelekea wapi. Orodha ikiandika 6h ina maana kilele kinaelekea chini, penye tarakimu 6 kwenye uso wa saa, wala si saa sita yetu ambapo akrabu inaelekea juu. Mswahili anayesahau hilo huandika kinyume kabisa, na mimi nina kurasa mbili za daftari nilizolazimika kuzifuta kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: Chagua njia yako

Mkusanyo usio na mwelekeo hugeuka kuwa kopo la vyuma. Njia inayopendwa na wengi ni kutafuta sarafu moja ya kila mtawala, nayo ni nzuri, ila inakwama mapema kwa sababu baadhi yao, kama Otho aliyetawala miezi 3 tu mwaka 69 BK, ni ghali kwa mfuko wa kawaida.

Mimi humshauri anayeanza achague jambo dogo na alichimbe. Wapo wanaofuata mji mmoja. Wapo wanaokusanya wanawake wa ikulu, kwa mfano Julia Domna, mke wa Septimius Severus aliyetoka Emesa, Homs ya leo huko Syria, ambaye dinari zake ni nyingi na hazina bei ya kutisha. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mada inayovutia kwa namna ya pekee, nayo ni wanyama. Mwaka 248 BK mtawala Philip aliadhimisha miaka 1,000 ya Roma kwa michezo mikubwa, na antoninianus zilizotolewa kwa sherehe hizo zina simba, swala, paa dume mwenye pembe za matawi, na kiboko, huyu wa mwisho akiwa kwenye sarafu za mkewe Otacilia Severa. Mchongaji wa kiboko yule yaelekea alimwona mnyama mwenyewe au mchoro mzuri, kwa maana tumbo linaloburuta na pua butu vimekaa sawasawa. Tembo naye yuko kwenye dinari maarufu ya Julius Caesar ya mwaka 49 KK, ambayo bei yake iko juu, na kwenye sarafu za Philip, ambazo bei yake iko chini.

Njia nyingine ni Misri. Aleksandria iligonga sarafu zake yenyewe, nene, zenye maandishi ya Kigiriki, zisizotumika nje ya Misri, mpaka Diocletian alipoufuta mfumo huo. Uzuri wake ni kwamba zimeandikwa mwaka wa utawala: alama inayofanana na L hufuatwa na herufi za Kigiriki zinazosimama badala ya namba, A kwa mwaka wa 1, B kwa wa 2, na kuendelea. Anayejua alfabeti ya Kigiriki husoma tarehe bila kuuliza mtu.

Hatua ya nne: Vifaa

Vinavyohitajika ni vichache na vyote hupatikana kwa masonara au mafundi: mizani inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na vernia ya kupimia upana, ya plastiki ili isikwaruze. Sumaku ndogo hufaa pia, kwa sababu dinari inayoruka kufuata sumaku ina chuma ndani na si dinari.

Hatua ya tano: Kununua, na karatasi zinazoandamana na sarafu

Nunua kwanza kwa wauzaji ambao jina lao litaumia wakikuuzia bandia. Chama cha kimataifa cha wauzaji wa sarafu, IAPN, kilichoundwa Geneva mwaka 1951, kinawadai wanachama wake wahakikishe uhalisi wa kila wanachouza, na orodha yao iko wazi. Mnadani kumbuka kwamba bei inayotajwa nyundo inapogonga siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi inakaribia asilimia 20 au kuipita, na juu ya hiyo kuna usafirishaji, bima na ushuru. Piga hesabu yote kabla ya kunyanyua mkono. Baadhi ya kampuni za kusafirisha vifurushi hukataa kubeba sarafu, kwa hiyo muulize muuzaji atatuma kwa njia gani, na mwombe aandike bayana kwenye fomu ya forodha kwamba kilichomo ni sarafu ya kale ya mkusanyo, na kwa thamani yake ya kweli. Muuzaji anayejitolea kuandika «zawadi» ili ukwepe ushuru anakuweka wewe hatarini, kwa sababu mzigo ukipotea bima italipa thamani ya zawadi, na ukifunguliwa wewe ndiwe utakayejieleza.

Suala la historia ya umiliki halikwepeki. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga biashara ya mali za kale zilizotoroshwa, Tanzania imo ndani yake tangu mwaka 1977, na nchi ambazo sarafu hizi hutoka, kama Italia, Ugiriki, Uturuki na Misri, zinazuia kuzitoa bila kibali. Marekani nayo imeweka masharti juu ya kuingiza aina fulani za sarafu kutoka baadhi ya nchi hizo. Kisa kinachofaa kukumbukwa ni cha aureus ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, iliyogongwa baada ya mauaji hayo na yenye picha ya majambia mawili. Kipande kimoja cha aina hiyo kiliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Baadaye ikadhihirika kwamba historia yake ya umiliki ilikuwa ya kutungwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sarafu ilikuwa halisi. Karatasi ndizo zilizokuwa bandia.

Hakuna atakayeifuatilia bronzi ya dola 15 kwa ukali huo, lakini tabia ni ileile. Dai risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya sarafu; penye nafasi ya kuchagua, chukua iliyopita kwenye mkusanyo au mnada unaojulikana; hifadhi kila kikaratasi cha zamani kinachokuja nayo, hata kikiwa kimefifia.

Uingereza ina utaratibu mzuri zaidi katika jambo hili. Sheria yake ya hazina ya mwaka 1996 humtaka anayeokota hazina kuitangaza, na makumbusho yakiihitaji humlipa. Mwaka 2010 huko Frome, mtu aliyekuwa akitafuta kwa kipima madini alikuta chungu chenye sarafu 52,503 za karne ya 3. Badala ya kuzikusanya kwenye ndoo, aliita wataalamu, nao wakazitoa tabaka kwa tabaka, na hivyo wakaweza kujua namna chungu kilivyojazwa. Mafungu ya «sarafu ambazo hazijasafishwa», yanayouzwa kwa kilo kwenye intaneti, ni kinyume cha hayo: mara nyingi yamechimbwa usiku, mahali pake hapajaandikwa, na yaliyo mazuri yamekwisha kuchaguliwa. Siyapendekezi, ingawa nilianzia huko.

Hatua ya sita: Kutambua bandia

Sarafu halisi ya Kirumi iligongwa: kipande cha metali iliyopashwa moto kiliwekwa kati ya mihuri miwili, kikapigwa nyundo. Metali iliyopigwa hukimbilia pembeni, na chini ya lenzi utaona mistari myembamba ikielekea ukingoni na herufi zenye kuta zilizosimama. Bandia nyingi za bei rahisi ni za kusubu. Metali iliyomiminwa kwenye kalibu huacha vishimo vya mapovu, herufi zake huonekana kama sabuni iliyotumika siku mbili, na ukingoni mara nyingi kuna mshono ulioondolewa kwa tupa. Kwa hiyo ukingo ndio mahali pa kwanza pa kutazama, na muuzaji asiyeonyesha picha ya ukingo aombwe.

Pima. Dinari ya Trajan inatarajiwa kuwa na gramu 3 na nusu hivi au pungufu kidogo. Ikiwa na gramu 2.4, au 4.5, inahitaji maelezo. Uzito peke yake haukomboi sarafu, lakini unaweza kuihukumu.

Kisha tafuta pacha. Kwa kuwa kila pigo la nyundo lilikuwa na mkono wake, sarafu mbili za muhuri mmoja zaweza kufanana kwa picha, lakini hazifanani kwa ufa, kwa umbo la ukingo wala kwa kuhama kwa picha kutoka katikati. Niliwahi kununua dinari ya Septimius Severus kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa na maneno matamu, yenye ufa mdogo wa kuvutia penye saa tisa ya kuzungumza, yaani tarakimu 3. Miezi miwili baadaye nikaiona nyingine inauzwa, ufa uleule, pengo lilelile kwenye herufi S. Zote mbili zilitoka kalibu moja. Fedha haikurudi, na kipande hicho sasa hukaa kwenye meza yangu kwa ajili ya kuwafundishia wageni.

Bandia zilizogongwa kwa mihuri mipya ni ngumu zaidi, na si za leo tu: Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale kwa ustadi uliowadanganya wengi, na kazi zake zenyewe leo hukusanywa. Dhidi ya mafundi wa aina hiyo, lenzi yako haitatosha. Ndiyo maana hatua ya tano ilitangulia hii.

Hatua ya saba: Usisafishe, na ukilazimika, safisha kwa maji

Pwani tumezoea kung'arisha sinia na mabuli ya shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, na mkono unawashwa kufanya hivyo hivyo kwa sarafu ya bronzi iliyofunikwa utando wa kijani. Usithubutu. Utando ule mgumu na laini ndio ngozi ya sarafu. Mara nyingi maelezo ya picha yamebaki ndani yake na si kwenye metali iliyo chini. Katika fungu langu la kwanza nililiweka jipande moja kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Asubuhi nilikuta duara la rangi ya waridi lenye vishimo, bila mtawala.

Udongo ukiwa mwingi, loweka sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ambayo wenye magari huyaita maji ya betri, ukihakikisha chupa si ya asidi ya betri, kwa maana huuzwa rafu moja. Badilisha maji kila baada ya siku chache, sugua kwa mswaki laini, ondoa udongo kwa kijiti cha meno cha mti, rudia kwa wiki kadhaa. Kazi haina haraka. Mafuta ya nazi au ya zeituni hayahitajiki. Masalia ya plastiki laini yenye kunata huondolewa kwa asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto.

Uoza wa kweli ni ule unaoitwa ugonjwa wa bronzi. Unatambulika kwa unga wa kijani kibichi hafifu unaochomoza kwenye vishimo, unaofutika kwa kidole, na kurudi baada ya wiki. Chanzo chake ni kloridi iliyobaki ndani ya metali, inayoamshwa na unyevu wa hewa. Itenge sarafu hiyo mara moja, kwa sababu unga wake haufai kukaa na nyingine. Mafundi wa makumbusho wamekuwa wakiiloweka kwa muda mrefu kwenye myeyuko wa asilimia 5 wa sodiamu seskwikaboneti, na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: madini hayo ndiyo magadi, yale yanayovunwa Ziwa Magadi huko Kenya na kulainishia maharage jikoni. Lakini usichukue magadi ya sokoni. Magadi ghafi huwa na chumvi ndani yake, na chumvi ni kloridi, adui yuleyule unayemfukuza. Nunua yaliyo safi kutoka duka la kemikali za maabara, badilisha myeyuko kila wiki, kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa kwa siku nyingi na ukaushe kabisa.

Hatua ya nane: Kuhifadhi penye joto na chumvi

Anayeishi Nairobi au Arusha ana nafuu. Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Muscat anapambana na hewa yenye unyevu na chumvi muda mwingi wa mwaka, na bronzi zake zinahitaji ulinzi zaidi. Tumia sanduku la plastiki ngumu lenye mfuniko wa mpira, lile la kuhifadhia chakula, na ndani yake weka pakiti za chembechembe za kukausha, kama zile zinazokuja ndani ya viatu vipya, lakini kubwa zaidi. Zile zinazobadilika rangi zikinyonya maji ndizo bora, kwa kuwa unajua lini zikaushwe upya kwenye oveni. Weka pia kipimo kidogo cha unyevu, na ujitahidi kisipande juu ya asilimia 40 kwa sarafu za bronzi.

Epuka bahasha za plastiki laini yenye harufu, kwa sababu hutoa asidi na kuacha utelezi wa kijani. Epuka pia kabati la mbao mbichi. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, ukiwa umekaa; fedha ya karne ya 2 ikiangukia sakafu ya marumaru yaweza kupasuka kama biskuti.

Hatua ya tisa: Daftari

Sarafu isiyoandikwa hupoteza nusu ya thamani yake siku mwenyewe anapofariki, maana warithi huona kopo la vyuma tu. Andika kila kipande siku kinapofika, kabla hujakiweka sandukuni, na uandike kwa wino au kwenye jedwali la kompyuta lenye nakala ya pili mahali pengine. Piga picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande wa juu kushoto, bila mwanga wa simu. Ukurasa mmoja wa daftari langu, kwa ile dinari tuliyoisoma mwanzoni, unasomeka hivi, baada ya kuondoa majina ya watu:

«Namba 14. Trajan, dinari, Roma, 103–111 BK. Mbele: IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P, kichwa chenye shada, kinaelekea kulia. Nyuma: COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC, mwanamke amesimama, mizani mkono wa kulia, pembe ya neema mkono wa kushoto. Gramu 3.21. Milimita 18.5. Mkao 7h (penye tarakimu 7). Imenunuliwa mnadani, risiti kwenye bahasha 14, pamoja na kikaratasi cha mwenyewe wa zamani, mwandiko wa kalamu ya wino. Kuna mkwaruzo nyuma ya shingo, ulikuwepo tangu ilipofika.»